Aqil bin Abi Talib: Wakili wa Nduguye, Mume Aliyeletewa Waamuzi

Ndugu zetu Waislamu, shauri la ndoa linapofika mbele ya kadhi, swali la mwanzo mara nyingi huwa hili: ni nani asimame badala ya mke, na nani badala ya mume? Ijumaa hii tumeona tumkumbuke Sahaba aliyelijua jambo hilo kwa pande zote mbili, naye ni Aqil bin Abi Talib (R.A.), kaka yake Sayyidna Ali.

Aqil alimzidi Ali umri kwa miaka 20. Katika vita vya Badri, mwaka wa 2 Hijria (624), alikuwa upande wa Makureshi, akatekwa, na ami yake Abbas ndiye aliyemkomboa. Baadaye alisilimu na kuhamia Madina. Alisifika kwa elimu ya nasaba, hata Sayyidna Umar akamtia miongoni mwa watu watatu walioandika daftari la Waislamu kwa koo zao. Alikuwa pia mwepesi wa jawabu, na jawabu lake aghalabu lilichoma.

Sayyidna Ali hakupenda kuhudhuria mabishano ya mahakamani. Inasimuliwa kuwa alimweka Aqil awe wakili wake, na Aqil alipozeeka akamweka Abdallah bin Jaafar, huku akitangaza kuwa hukumu itakayomfika wakili, iwe ya faida au ya hasara, ni yake yeye. Hapo mafakihi wengi wakapata dalili ya kuwakilishwa katika mashauri. Imamu Abu Hanifa alishurutisha ridhaa ya mpinzani, ila kwa mwenye udhuru kama maradhi au safari. Na wanavyuoni wa madhehebu yake wakamwongeza mwanamke asiyezoea kutoka mbele za wanaume.

Sasa tumtazame Aqil nyumbani kwake. Alimuoa Fatima binti Utba, mwanamke tajiri wa Kikureshi. Baba yake Fatima, ami yake Shaiba na kaka yake Walid waliuawa Badri na jamaa za huyu huyu mumewe. Msiba wa namna hiyo hauishi kwa kufunga ndoa. Kila Aqil alipoingia ndani, mkewe alimuuliza wako wapi Utba na Shaiba, naye akinyamaza. Siku moja, akiwa amechoka, alimjibu kuwa atawakuta upande wake wa kushoto atakapoingia Motoni. Fatima akajifunga nguo zake, akaenda kushtaki kwa Sayyidna Uthman, aliyekuwa Khalifa.

Uthman alicheka, kisha akafuata agizo la Suratun Nisaa, aya ya 35, la kupeleka mwamuzi mmoja kutoka jamaa za mume na mmoja kutoka jamaa za mke. Kwa Aqil alimtuma binamu yake, Abdallah bin Abbas; kwa Fatima alimtuma Muawiya, mtoto wa dada yake Hind. Ibn Abbas alikuwa ameazimia kuwatenganisha. Muawiya akakataa kuwatenganisha wazee wawili wa Bani Abdi Manafi. Kwa maoni yetu, pamoja na heshima yote tuliyo nayo kwa elimu ya Ibn Abbas, Muawiya ndiye aliyekuwa karibu zaidi na aya, kwani aya imetaja waamuzi wanaotaka suluhu. Walipofika waliukuta mlango umefungwa: wenyewe wameshapatana. Wakarudi zao.

Je, wangeikuta ndoa imeharibika, wangeweza kuivunja? Imamu Malik aliwaona kuwa ni mahakimu, na uamuzi wao unapita. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, kauli yenye nguvu ni kuwa wao ni mawakili wa wanandoa: mwamuzi wa mume hatoi talaka mpaka mume amruhusu, wala mwamuzi wa mke hatoi mali ya kujivua mpaka mke aridhie. Basi mjomba au shangazi anayetoka kwenye kikao cha usuluhishi akitangaza kuwa ndoa imekwisha, ilhali hakupewa idhini hiyo, amesema asichokimiliki.

Aqil aliishi mpaka akapofuka, na wengi wanasema alifariki katika utawala wa Muawiya. Mwanawe Muslim alitumwa Kufa na Sayyidna Husein akawe mwakilishi wake, akauawa huko mwaka wa 60 Hijria (680).