Edmond Albius: Mtumwa aliyeifundisha dunia kuzalisha vanila

MKULIMA wa Didia, mkoani Shinyanga, anayepanda maboga katikati ya mahindi yake analifahamu tatizo hili: mmea umestawi, maua ni mengi, lakini vitunda vinageuka njano na kudondoka vikiwa vidogo kama ndimu.

Wengi husingizia jua au ukosefu wa mbolea. Wakati mwingine ni kweli. Lakini ipo sababu nyingine ambayo husahaulika, nayo ni ua kukosa chavua, yaani ule unga wa njano unaotoka kwenye ua dume.

Tatizo la namna hiyo liliwasumbua wakulima wa vanila kwa miaka mingi, hadi mwaka 1841 lilipopatiwa ufumbuzi na mtoto wa miaka 12 ambaye hakuwahi kukaa darasani. Jina lake ni Edmond Albius.

Azaliwa utumwani

Edmond alizaliwa mwaka 1829 huko Sainte-Suzanne, katika kisiwa cha Réunion kilichoko mashariki mwa Madagaska. Wakati huo kisiwa hicho kilikuwa koloni la Ufaransa na kiliitwa Bourbon. Watumwa wengi waliofanya kazi katika mashamba yake walitolewa Madagaska na katika pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Mama yake, Mélise, alifariki dunia wakati wa kumzaa. Mtoto huyo alilelewa na Ferréol Bellier-Beaumont, mwenye shamba aliyependa sana elimu ya mimea. Hakumpeleka shule, lakini alizunguka naye bustanini na kumweleza habari za maua.

Somo moja lilimkaa Edmond kichwani. Bwana wake alimwonyesha namna ya kuchukua chavua kutoka ua dume la mmea wa jamii ya maboga na kuipaka kwenye ua jike ili litunge tunda.

Ua la siku moja

Vanila asili yake ni Mexico, na ni mmea unaotambaa kwenye miti. Ilifikishwa Bourbon kuanzia mwaka 1819, ikastawi na kutoa maua, lakini haikuzaa. Mmoja wa mimea hiyo ulikaa katika shamba la Bellier-Beaumont kwa takriban miaka 20 bila kutoa mazao ya maana.

Sababu ni umbile la ua lenyewe. Tofauti na boga, ua la vanila lina sehemu ya kiume na ya kike ndani yake, lakini zimetenganishwa na kiwambo chembamba. Kule Mexico wapo nyuki waliozoea kuifanya kazi ya kuzikutanisha. Kisiwani Bourbon nyuki hao hawakuwapo.

Zaidi ya hapo, ua hilo hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyo hiyo. Lisipopata chavua, limepotea.

Mwaka 1836 mtaalamu wa Ubelgiji, Charles Morren, alifanikiwa kuzalisha vanila kwa mkono, lakini njia yake haikuwafaa wakulima shambani.

Mwaka 1841 Bellier-Beaumont alishangaa kukuta mapodo mawili katika mmea wake. Edmond akasema ni kazi yake. Bwana hakuamini, hadi kijana alipomwonyesha: alilifungua ua, akakiinua kile kiwambo kwa kijiti chembamba, kisha kwa kidole gumba akaigandamiza chavua kwenye sehemu ya kike. Kazi ilichukua sekunde chache tu.

Habari zikaenea. Edmond alipelekwa shamba hadi shamba kuwafundisha watumwa wenzake. Kisiwa hicho kikawa muuzaji mkubwa wa vanila, na baadaye ujuzi ukavuka hadi Madagaska, ambayo leo inaongoza duniani kwa zao hilo.

Faida yaenda kwa wengine

Utumwa ulifutwa kisiwani humo Desemba 1848, na watu zaidi ya 60,000 wakawa huru. Hapo ndipo Edmond alipopewa jina la Albius. Hata hivyo, hakupewa shamba wala mtaji.

Alikwenda mjini Saint-Denis kufanya kazi ya jikoni, akaingia matatani kwa kesi ya wizi na kufungwa. Aliachiwa kabla ya muda, baada ya kuombewa kwa gavana kutokana na mchango wake katika kilimo.

Haikuishia hapo. Jean Michel Claude Richard, mtaalamu wa mimea, alidai kuwa yeye ndiye aliyeleta ujuzi huo kisiwani. Bellier-Beaumont aliandika kumtetea Edmond, na ndiyo maana historia inamtambua hadi leo.

Edmond Albius alifariki dunia Agosti 1880 huko Sainte-Suzanne akiwa maskini, huku wenye mashamba wakineemeka kwa mbinu yake.

Mkulima ajifunze nini?

Hadi leo vanila inayolimwa Kagera na Uganda huchavushwa kwa mkono, ua moja baada ya jingine. Podo hukaa kwenye mmea miezi tisa hivi kabla ya kuvunwa.

Kwa mkulima wa Shinyanga, somo lenye faida ya haraka liko kwenye maboga na matikiti. Ua jike la boga lina kitunda kidogo chini yake; ua dume halina. Asubuhi mapema chuma ua dume lililofunguka, ondoa petali zake, kisha pangusa chavua katikati ya ua jike.

Kwa mahindi kazi hiyo hufanywa na upepo, unaopeleka chavua kutoka kwenye mbelewele hadi kwenye nywele za muhindi. Kila unywele uliopata chavua huleta punje moja, na gunzi lenye mapengo mara nyingi ni dalili kuwa chavua haikutosha.

Alizeti nayo hunufaika sana na nyuki. Kwa hiyo anayepulizia dawa ya wadudu kwenye pamba iliyo jirani afanye hivyo jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani. Anayewaua nyuki asubuhi ajiandae kuifanya kazi yao kwa mkono, ua kwa ua, kama Edmond.