Robert Koch na kifua kikuu

Robert Koch alizaliwa Ujerumani mwaka 1843, akawa daktari wa wilaya. Enzi hizo wengi waliamini kifua kikuu ni ugonjwa wa ukoo: mzazi akifa nacho, watoto wakangoja zamu yao. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Koch aliwaonesha madaktari wenzake bakteria wenyewe. Kumbe si damu ya ukoo, ni hewa ya chumba kimoja. Kwetu Tunduma jambo hilo si geni: dereva na utingo hulala kabini moja siku kadhaa wakingoja kuvuka kwenda Nakonde. Walio hatarini zaidi ni wanaoishi na VVU, na wachimbaji wadogo wa dhahabu, ambao vumbi la mawe huwadhoofisha mapafu. Nasi wa bwenini tusijitoe.

Mwaka 1890 alitangaza tuberkulini kuwa dawa. Wagonjwa wakamiminika Berlin, wala haikuwaponya; ikabaki kipimo. Mwaka 1897 alifika Dar es Salaam kuchunguza malaria. Alipata Tuzo ya Nobel 1905, akafariki 27 Mei 1910. Streptomisini, dawa ya kwanza ya kweli, iligunduliwa 1943. Leo tiba ya miezi sita hutolewa bure, Tunduma hata Vwawa.