John Thompson: Mchukuzi wa Barua Katika Theluji

1. Barua Zimekwama

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma. Ukipata barua kutoka kwa mwanao aliye mbali, unaifungua na kuisoma mwenyewe. Lakini je, umewahi kungoja barua isiyofika? Unajua jinsi moyo unavyohangaika.

Katika somo hili utasoma habari za mtu mmoja aliyefikisha barua za watu mahali ambapo farasi na mikokoteni ilishindwa kupita. Jina lake ni John Thompson. Aliishi Marekani, na alifariki mwaka 1876.

Marekani iko milima mirefu iitwayo Sierra Nevada. Upande wa magharibi wa milima hiyo kuna jimbo la California. Upande wa mashariki kuna Bonde la Carson, ambalo leo limo katika jimbo la Nevada. Wakati wa baridi theluji nyingi huanguka milimani. Theluji ni nyeupe na baridi, kama ile unayoiona juu ya kilele cha Mlima Kilimanjaro. Lakini huko hujaa hata njiani, nayo huweza kuwa na kina kirefu kuliko urefu wa mtu. Mtu akikanyaga anazama. Farasi naye anazama.

Kwa hiyo kila mwaka wakati wa baridi watu wa Bonde la Carson walikatwa na wenzao. Hawakupata barua wala magazeti. Mke hakujua kama mumewe yu hai. Mzazi hakujua hali ya mtoto wake.

2. Mtoto Kutoka Norwei

John Thompson alizaliwa tarehe 30 Aprili, 1827, katika nchi ya Norwei. Wazazi wake walikuwa wakulima. Baba yake alifariki John akiwa bado mtoto mdogo.

Norwei ni nchi ya baridi kali. Watu wa huko walikuwa na njia yao ya kusafiri juu ya theluji. Walichonga mbao mbili ndefu na nyembamba, wakazikunja kidogo kwa mbele. Walizifunga miguuni, moja kila mguu. Mbao hizo huitwa skii. Mtu mwenye skii hazami, kwa sababu uzito wake umeenea juu ya ubao mrefu. Anateleza juu ya theluji kama mtumbwi unavyoteleza juu ya maji. John alijifunza kuzitumia tangu utotoni.

Mwaka 1837, alipokuwa na umri wa miaka 10, mama yake alihama pamoja na watoto wakaenda Marekani. Huko John alikua na kufanya kazi za shamba. Mwaka 1851 alikwenda California kutafuta dhahabu, kama walivyofanya maelfu ya watu wakati ule. Hakupata utajiri. Akaacha machimbo, akarudi kwenye kilimo.

3. Kazi Ambayo Wengine Waliikataa

Siku moja mwaka 1855, Thompson alisoma tangazo katika gazeti. Posta ilitaka mtu wa kuvusha barua milimani wakati wa baridi. Watu wengine walikuwa wamejaribu, wakashindwa.

Angalia, msomaji, jinsi maneno machache ya gazetini yalivyobadili maisha ya mtu. Thompson aliposoma tangazo lile alikumbuka skii za kwao. Akakata mti, akachonga skii zake mwenyewe kwa kukumbuka zile alizoziona utotoni. Zilikuwa na urefu wa mita 3 hivi. Uzito wake ulikuwa kama kilo 11. Kisha akafanya mazoezi mpaka mwili ukazoea tena.

Watu wengi hawakuamini. Hawakuwa wamewahi kuona chombo cha namna ile. Lakini mwezi wa Januari, 1856, alitoka mji wa Placerville akiwa na mfuko wa barua mgongoni. Akapanda mlima, akashuka upande wa pili, akafika Genoa katika Bonde la Carson. Safari hiyo ni kama kilomita 145. Kwenda alitumia siku 3, kwa sababu ya kupanda. Kurudi alitumia siku 2.

Tangu siku hiyo watu walimwita Snowshoe, maana yake Kiatu cha Theluji. Kazi hiyo aliifanya kwa muda wa miaka karibu 20.

4. Safari Zake

Mzigo wake ulikuwa kilo 27, na mara nyingine ulifika kilo 45. Ndani yake mlikuwa na barua, magazeti, dawa na vifaa ambavyo watu walimwagiza. Kwa sababu ya mzigo huo hakuchukua blanketi wala bunduki. Chakula chake kilikuwa nyama kavu na biskuti. Maji aliyapata katika vijito, au alikula theluji.

Usiku alitafuta kisiki cha mti mkavu akakiwasha moto. Alitandika matawi chini, akalala miguu ikielekea moto. Kama tufani ilikuwa kali mno, hakulala. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja alisimama juu ya mwamba akacheza ngoma za kwao Norwei mpaka asubuhi, ili damu isigande mwilini. Njia aliijua kwa kutazama nyota, miamba, miti na mikondo ya maji.

5. Anaokoa Maisha ya Mtu

Mwezi wa Desemba, 1856, Thompson alipita karibu na kibanda kimoja milimani. Ndani alimkuta mtu aitwaye James Sisson. Mtu huyo alikuwa amelala humo siku 12. Miguu yake ilikuwa imegandishwa na baridi na imeanza kuoza. Alikuwa amekata tamaa.

Thompson alimkatia kuni, akamwachia moto, kisha akaenda mbio Genoa. Akakusanya wanaume wa kumsaidia, akawatengenezea skii, wakarudi pamoja. Walimlaza mgonjwa juu ya chombo cha kukokota, wakamteremsha mpaka Genoa.

Daktari alipomwona alisema miguu lazima ikatwe. Lakini hakuwa na dawa ya usingizi. Bila dawa hiyo mgonjwa angeweza kufa kwa maumivu. Thompson hakupumzika. Alivuka tena milima kwenda Placerville. Dawa haikuwepo. Akaendelea mpaka mji wa Sacramento, akaipata, akairudisha Genoa. Miguu ya Sisson ilikatwa, lakini maisha yake yaliokoka.

6. Mume na Baba

Mwaka 1866 Thompson alimwoa Agnes Singleton, mwanamke aliyetoka Uingereza. Mwaka 1867 walipata mtoto wa kiume, wakamwita Arthur. Huyo ndiye mtoto wao wa pekee.

Jamaa hii iliishi shambani katika Bonde la Diamond, chini ya milima ile ile. Thompson alilima nafaka na kufuga ng'ombe. Alichimba mifereji ya kuleta maji shambani. Wakati wa kiangazi alikuwa mkulima. Wakati wa baridi alifunga skii zake akaenda milimani, na Agnes alibaki akitunza nyumba na mtoto. Fikiria, msomaji, moyo wa mama huyo kila upepo ulipovuma usiku. Lakini kila mara mume alirudi.

7. Malipo Hayakuja

Sasa ufike mahali pa kusikitisha. Thompson alianza kazi kwa kuamini ahadi. Hakuwa na mkataba ulioandikwa na kutiwa sahihi. Alifikiri kwamba akifanya kazi vizuri, serikali itamlipa. Miaka ilipita, malipo hayakuja. Shamba ndilo lililomlisha yeye, mkewe na mtoto wake.

Mwaka 1869 reli ilikamilika, ikapita katika milima. Mwaka huo huo baraza la jimbo la Nevada liliomba serikali kuu imlipe dola 6,000. Hakulipwa. Baadaye alisafiri mwenyewe mpaka Washington, mji mkuu, kudai haki yake. Hata huko njiani treni ilikwama kwenye theluji. Yeye alishuka akaenda kwa miguu. Wakubwa wa Washington walimsikiliza, lakini alirudi nyumbani mikono mitupu.

Hata hivyo hakuacha kupeleka barua. Alijua kwamba upande wa pili kuna watu wanaongoja.

8. Mwisho Wake

Mwezi wa Mei, 1876, ulikuwa wakati wa kupanda. Thompson aliugua, akashindwa kutembea. Lakini alijua kwamba shamba lisipopandwa, Agnes na Arthur watapata njaa. Inasimuliwa kwamba alipanda juu ya farasi, akatawanya mbegu akiwa juu ya farasi. Alifariki tarehe 15 Mei, 1876, akiwa na umri wa miaka 49. Alizikwa Genoa.

Baada ya miaka 2 tu, Arthur naye alifariki kwa ugonjwa wa dondakoo. Alikuwa na miaka 11. Wakati ule hapakuwa na chanjo ya ugonjwa huo. Leo chanjo ipo, na kila mzazi anaweza kumkinga mtoto wake. Arthur alizikwa kando ya baba yake.

Mwaka 1885 Agnes aliweka jiwe juu ya kaburi la mumewe. Juu ya jiwe hilo zimechongwa skii mbili zilizopishana. Jiwe lipo hadi leo.

9. Tunajifunza Nini?

Thompson alitumia ujuzi wa wazee wake kuwafaa watu wa nchi ngeni. Ujuzi wa kwenu usiudharau. Alikuwa mwaminifu: mzigo wa mtu aliufikisha. Aliipenda jamaa yake, akaifanyia kazi mpaka siku zake za mwisho.

Lakini kosa lake nalo tulikumbuke. Ahadi ya mdomo hupotea. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Ukifanya kazi ya mtu, au ukiuza mazao yako, andika mapatano, soma kabla ya kutia sahihi, na uweke nakala yako.

Maana ya Maneno

skii: mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji
tufani: upepo mkali wenye mvua au theluji
mkataba: mapatano yaliyoandikwa
dondakoo: ugonjwa wa koo unaoua watoto

Maswali

1. Kwa nini farasi hawakuweza kupita milimani wakati wa baridi?
2. Thompson alijifunza wapi kutumia skii?
3. Alifanya nini ili kumwokoa Sisson?
4. Kwa nini ilikuwa vigumu kwake kudai malipo?
5. Zungumzeni darasani: Je, katika kijiji chenu kuna mtu aliyedhulumiwa kwa sababu mapatano hayakuandikwa? Ingefaa afanye nini?
6. Andika barua fupi kwa ndugu yako aliye mbali. Mweleze habari za John Thompson.