Roosevelt: Rais mstaafu aliyevuka mipaka na tani nne za chumvi

THEODORE Roosevelt alikabidhi urais wa Marekani Machi 4, 1909. Kabla majuma matatu hayajatimia, tayari alikuwa melini akiondoka New York, njiani kuja Mombasa. Alikuwa na umri wa miaka 50, na pamoja naye alikuwepo mwanawe Kermit, kijana wa miaka 19 aliyeomba ruhusa Chuo Kikuu cha Harvard.

Alizaliwa New York Oktoba 27, 1858, katika familia tajiri, lakini utotoni pumu ilimnyima usingizi. Februari 14, 1884 mkewe na mama yake walifariki siku moja. Akakimbilia Dakota, akafuga ng'ombe na kuwinda mpaka huzuni ikapungua. Mwaka 1901 aliingia Ikulu baada ya Rais William McKinley kuuawa.

Safari ya Afrika aliiandaa angali madarakani, kwa kuandikiana barua na wawindaji wazoefu, akiwemo Mwingereza Frederick Selous. Gharama zilikuwa kubwa. Jarida la Scribner's lilikubali kumlipa dola 50,000 kwa makala zake, na taasisi ya Smithsonian ya Washington, iliyotaka wanyama wa makumbusho, ikachangisha fedha kwa matajiri kama Andrew Carnegie. Wataalamu watatu wa taasisi hiyo waliambatana naye.

Mizigo ilikuwa na bunduki, miwani ya akiba, vitabu vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe ili vihimili jasho na mvua, na tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi za wanyama. Bila chumvi hiyo, kila kilichopigwa risasi kingeoza kabla ya kufika bandarini.

Walishuka Mombasa Aprili 21, 1909. Katika safari ya reli kwenda bara, Roosevelt alikaa kwenye kiti kilichowekwa mbele ya injini ili awatazame wanyama. Kambi ya kwanza ilikuwa Kapiti, ambako kampuni ya Newland & Tarlton ya Nairobi ilikuwa imeandaa mahema, wapishi, askari, wabeba bunduki na wapagazi wapatao 200. Kiongozi wa msafara alikuwa R. J. Cuninghame, mwindaji aliyeifahamu nchi na watu wake.

Hao wapagazi ndio walioibeba safari nzima. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 27 kichwani, na chumvi ilipopungua, ngozi na mafuvu vilichukua nafasi yake. Malipo yalikuwa kwa rupia, na posho ikigawiwa njiani. Wao walimwita Roosevelt Bwana Mkubwa, na Kermit, kwa umbo na mavazi yake, Bwana Maridadi.

Desemba msafara ulipanda treni hadi Kisumu, ukavuka ziwa kwa meli hadi Entebbe, kisha ukatembea kupitia Hoima hadi Butiaba, Ziwa Albert. Kutoka hapo uliteremka Mto Nile na kuingia Lado, eneo lililokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, aliyefariki mwezi huohuo. Roosevelt alilifuata jambo moja huko: kifaru mweupe. Karibu wenzake wote waliugua, lakini baba na mwana waliua vifaru weupe tisa.

Walipitia Nimule na Gondokoro, wakafika Khartoum Machi 14, 1910. Hesabu ya wawili hao ilikuwa wanyama 512, wakiwemo simba 17, tembo 11 na vifaru 20. Roosevelt, ambaye kama rais alitenga misitu na mbuga nyingi za hifadhi Marekani, alijitetea kwamba aliwinda kwa ajili ya elimu na chakula cha kambi. Wapo waliomkosoa hata wakati ule.

Alishindwa uchaguzi wa urais mwaka 1912, akampoteza mwanawe Quentin vitani Julai 1918, na kufariki nyumbani kwake Januari 6, 1919.

Njia aliyopita, kutoka Mombasa hadi Kampala, Nimule na Juba, leo hupitwa na malori ya saruji, mchele na mafuta ya kupikia. Chumvi bado ni bidhaa mojawapo. Lakini kifaru mweupe wa kaskazini, yule aliyewindwa Lado, hayupo tena Uganda, Kongo wala Sudan. Wamebaki wawili tu duniani, wote majike, wakilindwa na askari usiku na mchana Ol Pejeta, nchini Kenya.