Marehemu Stanley Shapashina ole Oloitiptip, Mjumbe wa Kajiado Kusini



Kamati iliniagiza mimi karani niandike katika taarifa hii habari za mtu mmoja wa Kajiado aliyepata kuketi Bungeni, ili vijana waliohamia Kitengela juzi wapate kujua kwamba sehemu hii ilikuwa na sauti nchini kabla maduka hayajaota pale walipopita nyumbu. Nimemchagua marehemu ole Oloitiptip. Wazee waliomwona hawana haja ya kuelezwa umbo lake: alikuwa mtu wa mwili mkubwa sana, na maneno yake yalikuwa makubwa vile vile.

Alikuwa Mmasai wa upande wa Loitokitok, chini ya Mlima Kilimanjaro, na kabla ya siasa alifanya kazi ya utabibu. Siasa yenyewe ilianzia karibu nasi. Mwezi wa Juni 1960, viongozi walioogopa kumezwa na makabila makubwa walikutana Ngong wakaunda chama cha KADU, na umoja wa Wamasai ulikuwa miongoni mwa vyama vilivyoungana hapo. Oloitiptip alikuwa mtu wa KADU, na uchaguzi wa 1963 ukampeleka Bungeni. Chama hicho kilijivunja mwezi wa Novemba 1964, naye akawa mtu wa KANU.

Kiti chake hakikuwa chepesi. Mwaka 1961 mbuga ya Amboseli ilikuwa imekabidhiwa baraza la wilaya ya Kajiado. Mwaka 1974 Rais Kenyatta akatoa amri iwe Mbuga ya Taifa. Baraza likabakiwa na hekta 160 tu pale Ol Tukai penye hoteli, na wafugaji wakatakiwa kuyaacha mabwawa waliyonyweshea ng'ombe wakati wa kiangazi. Mjumbe wa watu hao alikuwa ndani ya serikali ile ile iliyotoa amri. Sidhani yuko mzee atakayemwonea wivu kwa hilo.

Lakini jambo linalonifanya niandike jina lake ni la mwaka 1976. Rais Kenyatta alikuwa mzee, na Katiba ilisema kwamba Rais akifa, Makamu wake atashika madaraka kwa siku 90 hata uchaguzi ufanywe. Makamu alikuwa Daniel arap Moi. Watu wenye nguvu na mali, akina Kihika Kimani na Njoroge Mungai, hawakupendezwa na sheria hiyo. Tarehe 26 Septemba walifanya mkutano mkubwa Nakuru kutaka ibadilishwe. Wengi waliokuwa na mashaka walinyamaza. Oloitiptip, aliyekuwa Waziri wa Maliasili, hakunyamaza: alitoa hadharani orodha ya wabunge 98 waliopinga badiliko hilo. Viti vya kuchaguliwa katika Bunge lote vilikuwa 158, basi kila aliyejua hesabu aliona jambo lilikosimama. Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo, naye akaonya kwamba kuwazia kifo cha Rais ni kosa kubwa la jinai. Kelele zikazimika. Kenyatta alipofariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, Moi aliapishwa siku ile ile, wala damu haikumwagika.

Moi hakumsahau, alimweka katika baraza lake la mawaziri, na baadaye Oloitiptip akashika Serikali za Mitaa. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, alipojisahau. Alijisifia utajiri wake mbele ya watu, jambo ambalo mfugaji mwenye busara halifanyi hata kwa hesabu ya ng'ombe wake mwenyewe.

Urafiki na Njonjo, uliomfaa mwaka 1976, ukamgeukia. Mwaka 1983 Njonjo alishutumiwa kuwa msaliti, tume ikaundwa kumchunguza, na walioitwa watu wake wakaanza kuanguka mmoja mmoja. Mwaka 1984 Oloitiptip alifukuzwa katika KANU, chama cha pekee kilichoruhusiwa na sheria wakati huo, na mwaka huo huo akafungwa gerezani kwa shauri la kodi. Yule aliyepata kukusanya majina ya wabunge 98 hakuwa tena na wengi wa kumtetea.

Aliaga dunia mwezi wa Januari 1985, akiwa nje ya chama, miaka ishirini na kidogo tangu watu wa Loitokitok walipompeleka Nairobi mwaka ule wa 1963.