Mary Breckinridge: muuguzi aliyevuka bahari kutafuta cheti cha ukunga

Mwaka 1923 mwanamke wa miaka 42 alipanda farasi na kuzunguka milima ya mashariki mwa jimbo la Kentucky, Marekani, akitaka kujua ni nani anayewazalisha akina mama wa huko. Alizungumza na wakunga wa jadi 53, wengi wao wazee. Daktari mwenye leseni ya jimbo hakumkuta hata mmoja katika eneo lile.

Mwanamke huyo ni Mary Breckinridge. Alizaliwa mwaka 1881 katika ukoo wenye jina. Babu yake aliwahi kuwa makamu wa rais. Lakini ukoo haukumkinga na msiba. Mume wake wa kwanza alifariki mwaka 1906, ndipo akasomea uuguzi New York. Katika ndoa ya pili alizaa binti aliyeishi saa chache tu, kisha mwanawe wa kiume akafariki mwaka 1918 akiwa na miaka minne. Baada ya hapo aliamua kuwatumikia watoto wa wengine.

Akifanya kazi Ufaransa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, alikutana na wauguzi wa Uingereza ambao pia walikuwa wakunga wenye cheti. Kwao Marekani hakuona shule ya kumfikisha hapo. Basi akaenda London, akasoma, akafanya mtihani wa bodi ya wakunga na kufaulu.

Mwaka 1925 alianzisha huduma yake katika wilaya ya Leslie, Kentucky. Wauguzi wakunga walivuka mito kwa farasi, dawa na vifaa vikiwa kwenye mifuko ya tandiko. Kuzalishwa kulilipiwa dola 5, na asiye na fedha alileta mahindi au alifanya kibarua.

Shida ilikuwa sheria. Muuguzi aliyetoa dawa kwa uamuzi wake angeweza kuonekana anafanya udaktari bila leseni. Na daktari yuko mbali, mto umefurika, mama anavuja damu! Breckinridge aliomba kamati ya madaktari wa mji wa Lexington iandike maelekezo: ugonjwa huu mpe hiki, dalili hii usingoje, mwite daktari. Kila muuguzi aliyafuata. Kwangu mimi, karatasi hizo zina uzito kuliko farasi wote wanaoonekana kwenye picha zake.

Matokeo yalikaguliwa. Mtaalamu wa takwimu wa kampuni moja ya bima alichunguza uzazi 1,000 wa mwanzo, na hakupata mama aliyekufa kwa sababu ya ujauzito au uchungu wenyewe.

Doa lipo pia: hakuajiri wauguzi weusi.

Vita vilipoanza mwaka 1939, wakunga wake wengi wa Kiingereza walirudi kwao. Mwaka huohuo akafungua shule papo hapo milimani, ili muuguzi asilazimike tena kuvuka bahari. Alifariki mwaka 1965.

Leo Marekani inao wauguzi wa ngazi ya juu, wanaopima, kutibu na kuandika dawa. Kwa kawaida muuguzi kwanza awe na leseni ya uuguzi, asome shahada ya uzamili au zaidi, afaulu mtihani wa kitaifa wa fani yake, kisha aombe leseni kwa baraza la uuguzi la jimbo. Leseni ya jimbo moja haimruhusu moja kwa moja kufanya kazi katika jingine. Majimbo mengine humwachia afanye kazi peke yake; mengine humtaka awe na mkataba wa maandishi na daktari, na asipompata daktari wa kutia saini, kijiji hukosa huduma.

Kentucky yenyewe ilibadili sheria mwaka 2014. Muuguzi aliyemaliza miaka minne chini ya mkataba huo anaweza kuandika dawa za kawaida bila saini ya daktari. Kwa dawa zinazodhibitiwa, zikiwemo za kulevya, mkataba ulibaki palepale hadi sheria ilipolegezwa mwaka 2023.