Muyaka Hakuwa Malenga wa Vita Tu

Wanafunzi wetu aghalabu hukutana na Muyaka bin Haji kama malenga wa vita: mwana wa Mombasa, aliyezaliwa yapata mwaka 1776, aliyewatetea watawala wa Kimazrui kwa ulimi wake dhidi ya Lamu na dhidi ya Seyyid Said. Hayo ni kweli, lakini ni nusu tu ya habari zake.

Muyaka huyo huyo alitunga juu ya mapenzi na wivu, ndoa na ukata, urafiki na hiana, hata nyumba iliyogeuka gofu. Aliwatupia wenziwe mafumbo, nao wakamjibu kwa beti. Enzi ambapo tenzi za dini ndizo zilizotukuzwa zaidi, yeye alilitoa shairi msikitini akalipeleka sokoni na barazani.

Alifariki yapata mwaka 1840, miaka mitatu baada ya utawala wa Mazrui kuanguka. Beti zake nyingi zilidumu vinywani mwa watu, hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipozikusanya na Mwingereza W. E. Taylor akazihifadhi. William Hichens alizichapisha mwaka 1940, karne nzima baadaye.

Je, wenyeji wangezikariri muda wote huo kama zingehusu vita pekee? Sidhani. Walizihitaji wakiposa, wakitaniana, wakiachwa na marafiki. Basi walimu wenzangu, tusiishie kwenye vita. Tuwape wanafunzi mafumbo yake wayafumbue, kisha watunge majibu yao.